Waya Mwembamba wa Makadirio

Kitu cha kwanza alichokigundua Mwamvita katika nchi ya Makadirio kilikuwa kidogo sana, na mtu aliyezoea kula kwa wakati labda asingekigundua. Mtaa mzima ulikuwa na harufu moja tu. Kwanza ilikuja ya vitunguu vinavyokaangwa, kutoka nyumba yenye mlango wa kijani. Vitunguu vikaisha, hewa ikabaki tupu kama maji, kisha nyumba iliyofuata ikatoa harufu ya maharage ya nazi. Nayo ikakoma. Baada ya kitambo ikaja ya samaki. Harufu zilikuwa zinapokezana, moja haiingii njiani mpaka nyingine iwe imeshatoka.

Alifikaje huko, mwenyewe hakuweza kueleza vizuri. Alikuwa ameinama jikoni kwa Mama Shani, nyumba aliyokuwa akifanya kazi, anakwangua ukoko chini ya sufuria, na wenye nyumba walikuwa sebuleni wanakula. Alipoinua kichwa, ukuta wa jiko ulikuwa umesogea mbali kuliko kawaida, na kati yake na ukuta palikuwa na njia. Akaifuata. Hakuna aliyemwita arudi.

Mwanga wa nchi ile ulikuwa mweupe na mpole, kama unaopita kwenye chandarua. Nyumba zilikuwa nadhifu, na juu ya mapaa yake yote ulipita waya mmoja, mwembamba kama uzi wa kushonea. Ndege walikuja kutua juu yake. Alitua mmoja, akapumzika, akaruka, ndipo akaja mwenzake.

Bibi mmoja aliyekuwa ameketi kizingitini akamtazama, akasema, "Zamu, mwanangu?"

Mwamvita alikuwa mtu wa kunyamaza hata kwa maneno anayoyajua, sembuse kwa asiyoyajua. Akainamisha uso.

"Sema bado," bibi akamfundisha, na macho yake yalikuwa yanacheka. "Hapa hata anayetafuna husema bado. Ni adabu tu. Ingia."

Huyo alikuwa Bi Nyamizi. Aliishi na binti yake wa mwisho, Mwasiti, msichana mrefu mwenye sauti ya chini. Walimpa Mwamvita mkeka na kona ya kulala, wala hawakumuuliza anakaa mpaka lini.

Jiko la nyumba ile lilikuwa limejengewa ukutani, na oveni yake chini, kama kabati. Mwamvita alilizunguka kwa heshima. Lilikuwa na waya wake peke yake, uliotoka moja kwa moja kwenye boksi la umeme bila kuchangia na friji wala pasi. Swichi yake haikuwa imefichwa nyuma, ambapo mtu angelazimika kuvuka mkono juu ya sufuria inayochemka. Ilikuwa ubavuni, mahali ambapo mpishi anaiona na kuifikia akiwa amesimama pale pale. Kulikuwa na waya wa ardhi, wa kupeleka shoti mchangani badala ya mwilini. Na ndani ya ukuta waliacha waya wa ziada kidogo, ili fundi akitaka kulivuta jiko nje asije akaukata.

Hizo zilikuwa sheria za nchi, na Mwamvita alizipenda. Kwa Mama Shani jiko lilichomekwa kwenye ekstensheni iliyokwisha kuwa nyeusi mdomoni, na kila alipoinua mfuniko umeme ulimtekenya mpaka kwenye kiwiko. Hakuwahi kumwambia mtu. Alijifunga kitambaa mkononi, akaendelea kupika.

Kwa hiyo alidhani amefika nchi ya watu wenye akili, na hakukosea. Mambo yao yaliharibika baadaye, polepole, kwa kufikiri sana.

Aliyemweleza alikuwa Bwana Luhende, Mkadiriaji wa mtaa. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye viatu vilivyopigwa rangi vizuri. Kazi yake ilikuwa kuingia nyumba kwa nyumba, kuketi chini ya swichi, na kuhakikisha kwamba linalowaka ni jiko la mwenye zamu. Alizungumza bila haraka, macho yake yakiwa kwenye swichi muda wote, kwa sababu sheria ilisema swichi ya jiko isiondoke machoni pa mtu maadamu jiko linawaka, na wao sheria hiyo walikuwa wameishika kweli kweli. Mpishi hakuruhusiwa kutazama chungu wakati Mkadiriaji hayupo. Vyakula vingi viliungua kwa usalama.

Alisema kwamba waliovuta waya ule zamani walikaa wakajiuliza utabeba majiko mangapi. Wakasema, majiko yote hayatawaka kwa mpigo. Huyu atapika, yule atakuwa anafua, mwingine amesafiri. Basi waya hauna haja ya kubeba yote. Ubebe sehemu, utatosha. Yalikuwa makadirio mazuri, na yalitosha miaka na miaka. Kisha ukaja mwaka wa mavuno mengi, watu wakafurahi siku moja, wakapika saa moja. Waya ukapata moto, na ukuta wa jiko moja ukaungua wote.

Baraza la Waya likakutana. Kulikuwa na njia mbili tu: kuvuta waya mnene, au kuipanga njaa. Kuvuta waya mnene kungekuwa kusema kwamba wazee walikadiria vibaya, na katika nchi ile hakuna tusi lililozidi hilo. Wakaipanga njaa. Kila mtu akapewa zamu yake ya kupika. Mwaka uliofuata mjumbe mmoja makini akagundua kwamba watu wakila pamoja leo, kesho wataona njaa pamoja. Basi kula pamoja nako kukapigwa marufuku, hata mle ndani ya nyumba moja.

"Na mtoto mchanga?" Mwasiti ndiye aliyeuliza, kwa niaba ya mgeni, maana aliona midomo ya Mwamvita ikicheza bila kutoa sauti.

"Mtoto mchanga anahesabiwa kwenye tumbo la mama yake," Bwana Luhende akajibu. "Akiachishwa ziwa, anapewa zamu yake. Ni siku ya furaha. Watu huleta zawadi."

Makadirio yale yalikuwa yameenea kama unyevu ukutani. Zahanati ilikuwa na kitanda kimoja, kwa kuwa ilikadiriwa kwamba watu hawataugua pamoja, na mtu akitaka kukohoa alitazama kwanza kama jirani hakohoi. Shule ilikuwa na madawati ya nusu ya watoto, kwa kuwa si wote watakaopenda kukaa. Kusikia hilo la shule, Mwamvita hakucheka. Aliishia darasa la tano, na miaka yote mitano aliandikia gotini.

Mgeni naye alikuwa na makadirio yake. Ilikadiriwa kwamba mgeni hana njaa. Hakuwa na zamu, hakuwa na waya, hakuhesabiwa popote. Bi Nyamizi, ambaye moyo wake ulikuwa mkubwa kuliko zamu yake, alimwekea mabaki chini ya kawa. Mwamvita aliyala kwenye kona ya jiko, amesimama, ameupa mlango mgongo. Jambo hilo halikumshangaza hata kidogo. Aliona tu kwamba hapa wameliandika.

Siku zilipita bila kishindo, kama mtu anayetembea kwa soksi. Kisha, mchana mmoja, akiwa anachambua mbaazi na bibi, akapata kujua kwamba Mwasiti anaolewa ng'ambo ya waya. Huko ndiko waya ule ulikoishia na mwingine ulikoanzia, wenye zamu zake. Aliyevuka alifutwa kwenye hesabu za huku, na aliyefutwa hakurudi, kwa sababu angekula kwa zamu ya nani?

"Simkatazi kwenda," Bi Nyamizi alisema. Vidole vyake viliendelea na mbaazi. "Amempenda mtu wake, aende. Lakini nimemlisha huyu tangu alipoacha ziwa, na sijawahi kumwona akitafuna. Namwekea, nafunika, natoka. Mtu akija kuniuliza mwanao alikuwa anapenda nini, nitamwambiaje? Kwamba sahani ilikuwa inarudi tupu?"

Alitaka mlo mmoja. Mkeka mmoja, sinia moja, yeye na mwanawe, mchana kweupe, kabla hajavuka. Hilo tu. Lakini waliokutwa na njaa pamoja walikatiwa waya kwenye boksi, wasiunganishwe tena maisha. Alimwonyesha Mwamvita nyumba ya pili, ambapo mzee mmoja mjane alikuwa ameketi na jiko lake lililokatwa kwa kosa la kuonja mchuzi wa mkewe. Kwenye oveni alikuwa anahifadhi viatu.

Bi Nyamizi hakutaka kuiba. Alikwenda barazani kuomba, na Mwamvita akamsindikiza kumbebea mwavuli.

Ukumbi wa Baraza la Waya ulikuwa na viti vichache kuliko wajumbe, kwa kuwa ilikadiriwa kwamba wote hawatahudhuria. Walihudhuria wote, kama siku zote, na wengine wakasimama ukutani kwa heshima zao. Bi Nyamizi alieleza ombi lake kwa maneno machache. Walimsikiliza vizuri, tena baadhi yao walifuta macho, wakipokezana kitambaa.

Kisha wakajadili. Mama mmoja mnene, aliyesifika kwa sheria, alitaka kujua kama hamu ni njaa. Kama si njaa, haihitaji waya, na ombi halina msingi. Kama ni njaa, basi ni ya watu wawili kwa wakati mmoja, na ombi ni kosa. Wengi waliona amesema vizuri sana. Mwingine akapendekeza mama na mwana wapeane hamu kwa zamu: mama amkumbuke binti asubuhi, binti amkumbuke mama jioni, na hivyo mzigo ugawanyike. Kijana mmoja aliyesimama nyuma akauliza, kwa sauti ya kawaida, kama hakuna waya mnene mahali popote. Mjumbe mmoja alitaka kukohoa, akatazama kulia na kushoto, akakohoa. Kijana akaona haya, akasema alikuwa anauliza tu.

Uamuzi ulikuja alasiri. Mama na binti wataketi mkeka mmoja, mbele ya sinia moja. Lakini njaa itakuwa moja. Mmoja wao akitamka kwamba ana njaa, huyo atakula, na mwenzake atakuwa bado. Bwana Luhende atakuwepo, atauliza na kusikia. Kwa sheria yao ushahidi wa Mkadiriaji ulikuwa wa masikio tu, maana macho yake yalikuwa na kazi kwenye swichi. Akisikia njaa kutoka vinywa viwili vya nyumba ile, waya unakatwa.

"Wametupa," Bi Nyamizi alisema njiani, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Si afadhali kidogo kuliko kukosa, mwanangu? Nitasema bado, ale yeye, nimtazame. Mimi sitaki chakula. Nataka kumwona tu."

Siku ya mlo walipika wali na mbaazi za nazi, na mchicha pembeni. Bi Nyamizi alipika, Mwamvita akimkunia nazi, na harufu ikatoka dirishani ikatembea mtaa mzima peke yake. Mwasiti alivaa kanga mpya. Mkeka ukatandikwa, sinia ikawekwa, jiko likaachwa linawaka kidogo kwa chai. Bwana Luhende akaketi chini ya swichi, akaweka mikono magotini. Mwamvita alikwenda kwenye kona yake karibu na jiko, akasimama pale anaposimama siku zote.

"Nani ana njaa?" Bwana Luhende akauliza.

"Mwasiti ndiye," Bi Nyamizi akasema haraka. "Mimi bado."

Mwasiti alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. Akaurudisha. Alimtazama mama yake, ile mishipa ya shingo, namna alivyokuwa anameza mate bila kujua. Njaa moja tu ndiyo waliyopewa, na mtu angeila vipi mbele ya uso kama ule?

"Mama ndiye," akasema. "Mimi bado."

"Mwasiti."

"Mimi bado, mama."

"Usinifanyie hivyo, mwanangu. Nimeomba barazani kwa ajili yako."

"Na mimi nimekaa hapa kwa ajili yako. Kula."

Bwana Luhende akauliza tena, kama kazi yake ilivyomtaka, na akajibiwa vile vile. Akauliza tena. Mvuke wa wali ulikuwa mrefu, ukawa mfupi, ukawa unatambaa tu juu ya punje. Nje, kivuli cha waya kilikuwa kinasogea uani kuelekea mlango wa kijani, na kikifika pale zamu ya nyumba hii imekwisha. Mama na binti waliinama wakitazama sinia moja, kila mmoja akimwachia mwenzake, na machozi ya Bi Nyamizi yakaanza kudondoka kimya kimya kwenye mapaja yake.

Mwamvita aliona yote. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuona yote kutoka kona ya jiko. Hakujua miguu yake ilipata wapi ruhusa. Ilimtoa pale, ikakatiza jikoni, ikamketisha mkekani kati ya wawili wale. Akanawa. Akakata tonge la wali, akalichovya kwenye mbaazi, akala.

Sheria haikuwa na kifungu cha mgeni anayekula, kwa kuwa mgeni hana njaa. Akakata la pili. Alikuwa anatafuna kwa sauti, kwa haya, na sauti ile ndiyo peke yake iliyokuwemo ndani.

Ndipo likanguruma tumbo la Bwana Luhende.

Lilinguruma kwa kirefu, likapanda, likashuka, likamalizia na kijisauti kama mlango unaohitaji mafuta. Zamu yake ilikuwa alfajiri na alfajiri ilikuwa mbali. Mwasiti aliziba mdomo. Bi Nyamizi alijaribu kuzuia, akashindwa, kicheko kikamtoka kikiwa kimechanganyika na kilio, na katika kucheka mkono wake ukajikuta kwenye sinia. Mkono wa Mwasiti ulikuwa umeshafika.

Bwana Luhende hakuwatazama. Aliinua uso akaikazia macho swichi kama mtu anayesoma kitu kizuri. Polepole akanyoosha mkono, akalizima jiko. Halafu akaendelea kuiangalia swichi iliyozimwa, kwa bidii yote.

Na Bi Nyamizi akamwona mwanawe akila. Mwasiti alikuwa anatafuna upande wa kushoto. Alizichukua mbaazi kwanza, moja moja, akauacha wali uwe wa mwisho. Akikuta kitu kitamu alisimama kidogo, kama mtu aliyesikia anaitwa. Mama aliyashika yote yale bila kupepesa, mkono wake mwenyewe ukienda mdomoni na kurudi bila yeye kuutuma.

"Baba yako alikuwa anasimama hivyo hivyo, kabla hatujapangiwa zamu," alinong'ona.

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningejuaje kama na wewe unasimama?"

Kivuli kilipogusa mlango wa kijani, sinia ilikuwa nyeupe. Bwana Luhende akajikohoza. Alikuwa na huzuni usoni, na hakuificha.

"Sikuona kitu," alisema, bado anatazama ukutani. "Macho yangu yalikuwa kazini. Lakini nimesikia watu wakila, na kesho nitaulizwa barazani njaa ile ilikuwa ya nani. Ikiwa ni ya mama na binti, nitakuja na koleo. Ikiwa ni ya mtu mwingine..." Akatafuta maneno. "Hakuna waya wa kumkatia mtu asiye na waya. Ila ataondoka katika nchi hii, kwa njia ile ile aliyojia. Na baraza litalazimika kuanza kuhesabu wageni, na sijui waya wetu utasemaje. Basi nauliza, kwa mara ya mwisho. Hapa, nani alikuwa na njaa?"

Bi Nyamizi alifungua kinywa. Mwamvita akamshika mkono, mkono wenye mafuta ya nazi, akaubana kidogo.

Nyuma yake, jiko lilikuwa limesogea kutoka ukutani, na njia ilikuwa imefunguka. Alisikia kwa mbali vijiko vya sebuleni kwa Mama Shani, na mtu akicheka na chakula mdomoni. Kila siku walipomaliza walimuuliza, wakiwa wameshainuka, kama ameshakula, na kila siku alisema nimeshiba. Alisema hivyo pia kwa mjomba wake, na kwa mwalimu, na kwa kila nyumba iliyowahi kumweka jikoni. Bwana Luhende alisubiri, ameinamisha kichwa, sikio lake likiwa upande wake.

"Mimi," Mwamvita akasema. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyoitarajia, ikafika mpaka kule sebuleni. "Mimi ndiye niliyekuwa na njaa. Kila mlipokula, na mimi nilikuwa na njaa."